Mto Uingiao, Mto Utokao: Historia Fupi ya Hifadhi ya Rusizi

Mwanafunzi asomaye Kiswahili katika mji wa Bujumbura hukutana na wanyama wa porini mapema sana, lakini hukutana nao kitabuni. Simba, tembo, twiga na punda milia wamo katika hadithi na katika methali. Na siku hizi, kwa ajili ya picha zitokazo ng'ambo, ameongezeka mmoja ambaye bara letu halina, yule ambaye baadhi ya kamusi humwita simbamarara na wengine humwita chui milia. Kwa hiyo hatukushangaa, siku tulipowapeleka wanafunzi wetu kuizuru Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, mmoja wao alipotuuliza kama tutamwona simbamarara huko. Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana kuuliza si ujinga, na ndani ya swali lile lilikuwamo swali jingine zito zaidi: Je, mbuga hii iliyo jirani na mji wetu ina nini cha kutazamwa?

Simbamarara ni mnyama wa Asia. Mwaka 1973 serikali ya India ilianzisha mpango wa kumhifadhi, ikaanza na hifadhi 9, na leo watu husafiri kutoka pembe zote za dunia ili wamwone mnyama huyo mmoja. Hifadhi za namna hiyo zimesimama juu ya jina la mnyama. Hifadhi ya Rusizi imesimama juu ya jina la mto. Tofauti hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza katika makala haya, kwa kuwa kwa maoni yetu mtu hawezi kuifahamu mbuga hii, wala shida inayoikabili leo, pasipo kuijua kwanza historia ya mto wenyewe. Na historia hiyo, kama ilivyoandikwa vitabuni, inaanza na kosa la tafsiri. Jambo ambalo walimu wa lugha hatuna budi kulitazama kwa makini.

Mto Rusizi hutoka katika Ziwa Kivu. Hushuka kwa kasi katikati ya milima, mpakani mwa Rwanda na Kongo, kisha huingia katika uwanda wa Imbo, ambako hupunguza mwendo na kujipinda huku na huku kama msafiri aliyekaribia kwao. Ukifika karibu na Ziwa Tanganyika hugawanyika matawi mawili, Rusizi Kubwa na Rusizi Ndogo, na baina ya matawi hayo pamefanyika nchi tambarare ya mchanga, matope, matete na mafunjo, ambayo wanajiografia huiita delta. Hapo ndipo ilipo sehemu ya kusini ya hifadhi, si mbali na Bujumbura kwa barabara iendayo Gatumba na Uvira. Sehemu ya pili iko kaskazini, upande wa Gihanga, ambako kuna msitu wa mikoma, miti ya jamii ya minazi na mitende, ambayo huvumilia ukame na chumvi ya ardhi ile.

Msomaji wa leo akifungua ramani huona mara moja kwamba Rusizi unaingia katika Tanganyika. Lakini katikati ya karne ya kumi na tisa jambo hilo lilikuwa fumbo kubwa kwa watu wa Ulaya. Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji mwezi Februari 1858 wakiutafuta mwanzo wa Mto Nile. Ikiwa ziwa hili lina mto unaotoka kuelekea kaskazini, basi waliona huenda mto huo ndio Nile, na sifa yote itakuwa yao. Katika msafara wao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani angali kijana, akaishi India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Speke hakujua Kiarabu. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani.

Mwezi Machi wa mwaka huo Speke alivuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge, kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim jahazi lake. Sheikh akamweleza habari za mto mkubwa ulioko ncha ya kaskazini. Maneno yalitoka kwa Sheikh yakaingia kwa Bombay, yakatoka kwa Bombay yakaingia kwa Speke, na yalipofika mwisho wa safari yao yalisema kwamba mto ule unatoka ziwani. Burton na Speke walifurahi mno. Wakakodi mitumbwi, wakasafiri kwa taabu nyingi, na mwishoni mwa Aprili wakafika Uvira, mkabala wa mahali ulipo mji wa Bujumbura leo.

Huko Uvira walifika mbele yao wana watatu wa mkuu wa nchi ile. Wakaulizwa habari za mto. Wote walisema kwamba wameuona kwa macho yao, na wote walisema kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Watu waliokuwa wamesimama pale wakathibitisha. Ndipo Bombay naye akasema kwamba Speke hakumwelewa Sheikh vizuri: Sheikh alikuwa ametaja mto unaoanguka ziwani, siyo unaotoka. Burton ameandika habari hizi mwenyewe, wala hakuficha jinsi moyo wake ulivyovunjika. Wapiga makasia walikataa kuendelea mbele kwa kuwahofu wenyeji wa kaskazini, na wale wasafiri wakarudi Ujiji bila kuuona mto.

Mwalimu wa Kiswahili anajua vema jinsi kosa kama hilo linavyoweza kuzaliwa. Kiambishi chetu cha mahali hakionyeshi upande wa mwendo. Twasema, "yuko ziwani," "anakwenda ziwani," "anatoka ziwani," na neno "ziwani" halibadiliki hata kidogo. Mzigo wote wa maana umebebwa na kitenzi. Na kitenzi chenyewe chaweza kugeuzwa na irabu moja tu. Mto utokao ziwani ni mto unaoliacha ziwa nyuma. Mto utokeao ziwani ni mto unaokuja kutoka mbali ukajitokeza ziwani, kama vile tusemavyo kwamba njia fulani inatokea sokoni. Hatudai kwamba hayo ndiyo maneno aliyoyatumia Sheikh Hamed. Twasema tu kwamba mkalimani aliyechoka, mbele ya bwana anayengoja jibu moja alipendalo, huweza kuugeuza mto mzima ukapanda mlima.

Lakini kosa hilo lilisahihishwa baada ya majuma machache. Kosa kubwa zaidi lilikuja baadaye, nalo halikuwa la tafsiri. Speke alikuwa ameliona lile ziwa la Nyanza mwezi Agosti 1858, akashikilia kwamba hilo ndilo chanzo cha Nile. Burton akampinga. Wakagombana hadharani hadi Speke alipofariki kwa risasi ya bunduki yake mwezi Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wao uliokuwa umepangwa. Na katika kitabu alichokitoa mwaka huohuo, Burton alirudi kudai kwamba huenda Rusizi unatoka ziwani na kwenda kuulisha Nile. Yeye aliyeambiwa kwa uwazi na watu wa Uvira, watu walioishi kando ya mto ule, aliyaweka maneno yao kando kwa sababu hayakuufaa ubishi wake.

Ilibidi waende watu wengine. Mwezi Novemba 1871, baada ya kukutana Ujiji, David Livingstone na Henry Morton Stanley walisafiri kwa mtumbwi kuelekea kaskazini. Wakapokewa na mkuu Mukamba na nduguye Ruhinga, ambao waliwaambia yaleyale yaliyosemwa Uvira. Kisha wakaingia wenyewe kati ya matete ya mlango wa mto, wakaona mkondo wa maji ukija mbele yao. Kule Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, liko jiwe lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi hupelekwa hapo na kuambiwa kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana. Sivyo; walikutana Ujiji. Mugere walilala tu, wakiwa katika safari ya kuhakikisha jambo ambalo wenyeji walikuwa wamelisema miaka 13 kabla yake. Mto utokao Tanganyika kwa hakika ni Lukuga, upande wa magharibi, uendao Kongo. Verney Lovett Cameron aliufikia mwaka 1874. Ziwa zima, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650, lina mlango huo mmoja tu wa kutokea. Tunamwomba msomaji alihifadhi jambo hili moyoni, kwa maana tutalirudia.

Baada ya wapelelezi wakaja watawala. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma lao Usumbura, na pamoja nao wakaja askari, wapagazi na wafanyabiashara waliosema Kiswahili. Wakati huo ndipo mnyama mkubwa wa Rusizi alipoingia katika historia ya mateso. Kiboko, ambaye Kirundi humwita imvubu, alichunwa ngozi yake nene ikakatwa vipande virefu, na kipande hicho nacho kikaitwa kiboko. Katika makoloni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki adhabu ya viboko 25 ilizoeleka hata ikapata jina lake, hamsa ishirini. Wanafunzi wetu hutumia neno hili kila siku, nao hawajui kwamba fimbo ilichukua jina lake kwa mnyama aliyelala majini kilomita chache kutoka darasani mwao.

Wabelgiji walipowaondoa Wajerumani mwaka 1916, Usumbura ukawa makao makuu ya Ruanda-Urundi. Katika Kongo serikali hiyohiyo ya Kibelgiji iliweka mwaka 1925 Hifadhi ya Albert, ambayo leo huitwa Virunga, hasa kwa ajili ya kuwalinda gorila wa milimani. Nayo ilikuwa hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Uwanda wa Rusizi haukupewa heshima hiyo. Uwanda ulionekana kuwa ardhi ya kulimwa, na katika miaka ya 1950 wakulima walipangwa humo katika vijiji vya kilimo cha pamba. Mji nao ulikua. Ulipofika uhuru wa mwaka 1962, ukabadilishwa jina kuwa Bujumbura, tayari ulikuwa umeanza kunyoosha mikono yake kuelekea mtoni.

Kwa hiyo ilikuwa tarehe 3 Machi 1980, wakati wa utawala wa Jean-Baptiste Bagaza, ndipo Burundi ilipotunga sheria ya kuweka mbuga na hifadhi zake, na taasisi ya kuzilinda ikaundwa. Tangu hapo Ruvubu, upande wa mashariki, imekuwa mbuga iliyo kubwa kuliko zote, yenye nyati na viboko. Kibira, juu milimani, ina msitu na sokwe. Na Rusizi ina delta yake na mikoma yake. Tembo na simba walikuwa wamekwisha kutoweka katika uwanda ule. Waliobaki ni wale ambao mto wenyewe uliwaficha: viboko, mamba, tumbili, swala waitwao pongo na nzohe, na ndege wengi mno, wakaao na wapitao.

Tangu hapo maisha ya Rusizi yamekuwa ya kusogezwa mipaka. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliifanya nchi ya Rukoko, iliyo kandokando ya delta, kuwa mahali pa hatari kwa mlinzi na kwa mfugaji pia. Mwaka 2000 amri ya serikali ilichora mipaka upya. Mwaka 2002 delta iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi za majimaji, na mwaka 2011 Rusizi ikathibitishwa kuwa hifadhi ya taifa, ikiwa na zaidi ya hekta 10,000. Mwaka 2012 sheria ya maji nayo ikatenga mita 150 kando ya ziwa zisijengwe. Karatasi hizi zote ni njema. Lakini ng'ombe wanahitaji majani, matete yanahitajika kwa ua na paa, mchele unahitaji mashamba, na familia isiyo na kiwanja hujenga pale inapopata.

Hapana budi pia tumtaje mamba mmoja, kwa sababu mgeni wa Ulaya akisikia jina la Rusizi humkumbuka huyo tu. Wageni walimpa jina la Gustave. Inasemekana urefu wake ulifikia mita 6, na kwamba amewaua watu wengi. Mwaka 2004 ilionyeshwa filamu ya habari kuhusu jaribio la kumnasa kwa tundu kubwa la chuma, hakunaswa. Mwaka 2007 ikatoka sinema ya kutisha kwa mfano wake. Idadi ya watu wanaosemwa kuwa aliwaua imekuwa ikiongezeka katika kila usimulizi. Lakini ni nani aliyesimulia habari za waliouawa? Walikuwa wavuvi, wakata matete na watoto waliokwenda kuchota maji na kuoga, na majina yao hayamo katika filamu. Hapo Rusizi ilifanywa hifadhi ya mnyama mmoja, kana kwamba ni simbamarara wa vitabuni, na mto ukasahauliwa mara nyingine.

Mto haukukubali kusahauliwa. Mwezi Aprili 2020 Rusizi ulifurika, na maelfu ya watu wa Gatumba wakapoteza makao yao. Katika miaka iliyofuata, hasa 2021 na 2024, maji ya ziwa lenyewe yalipanda, yakafunika fukwe, yakaingia majumbani na hata bandarini Bujumbura. Wazee walikumbuka kwamba miaka ya 1960 pia ziwa lilipanda hivyo. Sasa msomaji akumbuke lile tulilomwomba alihifadhi: mito mingi huingia Tanganyika, na unaotoka ni mmoja tu, mbali sana, upande wa pili. Mvua zikizidi, maji hayana haraka ya kuondoka; na delta ndiyo chumba cha akiba ambamo mto na ziwa hupishana. Matete na mafunjo hupunguza nguvu ya maji na kuzuia matope yasifike ziwani. Chumba kile kikijazwa nyumba na mashamba, maji hulala pamoja na watu.

Siku ya ziara yetu tuliongozwa na mzee mmoja wa pale, ambaye kwa muda mrefu amewatembeza wageni kwa mtumbwi. Tuliwaona viboko kwanza kwa masikio: mkoromo mmoja, kisha mingine, kisha vichwa 8 au 9 juu ya maji. Mwari walikaa juu ya kisiwa cha mchanga, na furukombe akalia juu ya mti mkavu. Yule mwanafunzi aliyeuliza habari za simbamarara alinyamaza kabisa. Tulipokuwa tukirudi alimwuliza mzee kwa nini viboko huingia mjini usiku, hata wakaonekana barabarani.

"Mwanangu," mzee alimjibu, "kiboko haingii mjini. Anatoka majini kwenda kula majani, kama walivyofanya babu zake. Mji ndio ulioingia katika njia yake."

Tuliwatazama walimu wenzetu. Jibu lile lilikuwa lilelile la Uvira: mgeni ameona kuingia, mwenyeji anaeleza kutoka. Kiboko hula majani mengi kila usiku, na hurudi majini kwa njia alizozizoea kabla ya jua kuwa kali. Asiyezijua njia zake humwita mvamizi. Lakini yatupasa kusema kweli pia kwa upande wa pili. Aliyejenga Gatumba hakujenga kwa kumchukia kiboko. Naye anayo haki ya kusikilizwa, kwa sababu maji yalipokuja yalimkuta yeye kwanza. Mpaka uchorwao ofisini bila kumwuliza mvuvi, mfugaji, mkata matete na mlinzi wa mbuga ni sawasawa na kitabu kile cha mwaka 1864: habari sahihi zilikuwapo, ila hazikupendwa.

Twapendekeza basi kwamba walimu wa Kiswahili wa Bujumbura waifanye Rusizi kuwa darasa. Waende na daftari, wawaulize wenyeji majina ya vitu kwa Kirundi na kwa Kiswahili: imvubu na kiboko, ingona na mamba, wajifunze kutofautisha matete na mafunjo, mkoma na mtende, pongo na nzohe. Wawaandike wazee wanaokumbuka maji yalikofika mwaka 1964, na nyumba zilizokuwapo wakati huo. Habari hizo zitamfaa mchora mpaka kuliko sifa za mamba mmoja.

Wanafunzi wetu walipoandika insha baada ya ziara, tuliwapa sharti moja: kila atakayetumia neno "kuingia" au "kutoka" aeleze ni nani, kutoka wapi, na kwa ushahidi wa nani. Yule mwanafunzi wetu aliandika kwamba hakumwona simbamarara, na kwamba alirudi nyumbani kwa njia ya kiboko. Tulimsahihishia tahajia katika maneno mawili. Sentensi hiyo hatukuigusa.